Begi Lako, Pasipoti Yako, Mzigo Wako: Maneno kwa Wanaokwenda Guangzhou Mara ya Kwanza

Haya niliyazungumza Jumamosi iliyopita ukumbini Ilala, mbele ya wafanyabiashara wanaojiandaa kwenda Guangzhou, China, kununua bidhaa kwa mara ya kwanza. Waliobaki madukani waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yote kama yalivyotoka mdomoni, ila picha zilizoonyeshwa ukutani sikuziweka.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, wadogo zangu, asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Asanteni kwa kufunga maduka leo. Najua Jumamosi ya Kariakoo ina thamani gani, kwa hiyo sitawapotezea muda.

Nani hapa hajawahi kupanda ndege? Inueni mikono, msione haya. Naam, ni wengi. Hao ndio niliowafuata. Mliokwishakwenda mtanisaidia baadaye kwenye maswali.

Mtu akisikia China anaogopa lugha, anaogopa chakula, anaogopa umbali. Ndugu zangu, bahari hii ilivukwa zamani. Nendeni Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam, mkayaone makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina, mamia ya miaka kabla yetu. Biashara hii tumeirithi. Umbali haujamfilisi mtu. Kinachofilisi watu ni kumwachia mwingine kitu ambacho ulitakiwa ukishike mwenyewe. Begi lako. Pasipoti yako. Pesa yako. Macho yako juu ya mzigo wako. Vilio vingi nilivyovisikia kutoka Guangzhou, ukivifuatilia mpaka mwanzo, unakuta kuna kitu mtu alimwachia mtu.

Naanza na begi, na hapa nitakaa, mnivumilie.

Ukikata tiketi, habari zinatembea. Jirani anajua, shemeji anajua, fundi cherehani anajua. Siku mbili kabla ya safari anakuja mtu na kifurushi. "Dada, nisaidie tu hiki, mdogo wangu anasoma kule, ni unga na dagaa kidogo, ameukumbuka ugali." Anakuja na undugu, na pengine machozi. Au anakuja mwingine na neema kubwa zaidi: tiketi atakulipia yeye, hoteli atakulipia yeye, wewe nenda tu na sanduku hili, ukifika kuna mtu atalipokea. Wadogo zangu, ninyi ni watu wa hesabu. Ni mfanyabiashara gani anayemlipia mtu asiyemjua tiketi ya China, kwenda na kurudi? Faida yake anaipata wapi? Iko ndani ya sanduku hilo.

Sheria ya jinai ya China, kifungu cha 347, inasema hivi: mtu anayesafirisha heroini gramu 50 au zaidi adhabu yake ni miaka 15 jela, au kifungo cha maisha, au kifo. Gramu 50! Haijazi kiganja. Na ukikamatwa nayo begini, kueleza kwamba hukujua kilichomo, kwa lugha usiyoijua, mbele ya watu wasiokujua, ni mlima.

Hong Kong, jirani kabisa na Guangzhou, kuna padri Mwaustralia, John Wotherspoon, ambaye kwa miaka mingi amewahudumia wafungwa wa huko. Mwaka 2013 Watanzania waliofungwa kwa kubeba dawa za kulevya waliandika barua za kuwaonya wenzao nyumbani wasiifuate njia ile, na padri yule akazitoa mtandaoni ili ziwafikie. Nawaomba mfikirie hilo. Watu wako jela, wamepoteza miaka ya maisha yao, na wakipata karatasi na kalamu wanaandika: ninyi msije hivi. Waliandika kwa ajili yetu sisi tuliokaa humu ndani leo.

Namjua mama mmoja muuza vitenge. Usiku wa kuamkia safari alikuja mtu wa ukoo wa mumewe na kifurushi kilichoshonwa vizuri. Mama hakugombana naye. Alimkaribisha chai, akaleta mkasi, akasema, "Sawa shemeji, tukifungue hapa mezani, mimi na wewe na mume wangu, halafu nitakifunga upya mwenyewe." Yule bwana akasema kinashonwa kwa shida, akakichukua, akaondoka, chai akaiacha. Mpaka leo mama yule hajui kulikuwa na nini, na wala hana haja ya kujua. Jifunzeni sentensi ile. Tukifungue hapa mezani. Haimtukani mtu. Mwenye unga na dagaa wa kweli atafungua.

Begi lifungeni wenyewe, nyumbani kwenu, na uwanjani lisitoke machoni mwenu. Mirungi, hata kwa anayeitafuna hapa bila kuificha, kule ni dawa za kulevya. Dawa za hospitali zikae kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Na wakati wa kurudi ni vilevile: mtu akikuomba Guangzhou umbebee simu au boksi la "spea" kuja Dar, mkasi na meza.

Tumeelewana kwenye begi? Haya, pasipoti.

Pasipoti yako ina viza, na viza ina maneno. Ni nani hapa ameisoma viza yake? Sijauliza ni nani anayo. Nimeuliza ni nani ameisoma. Kuna siku ya mwisho ya kuingia, kuna idadi ya siku za kukaa, na kuna idadi ya kuingia: mara moja, mara mbili, au mara nyingi. Watu wanasoma tarehe, wanaruka hapo kwenye idadi ya kuingia.

Kijana mmoja wa Mwanza, muuza vifaa vya simu, alikwenda na viza ya kuingia mara moja. Akafanya oda zake vizuri, akalipa advansi, akaambiwa mzigo utakuwa tayari baada ya wiki moja. Sasa amekaa tu, na wenzake wakamwambia Hong Kong iko hapo, treni ya kasi ni kama saa moja, nenda asubuhi utembee, urudi jioni. Akaenda. Hong Kong ni sehemu ya China, hilo ni kweli, lakini ina uhamiaji wake peke yake. Alipovuka pale, kwa karatasi, ametoka China. Jioni anarudi anaambiwa viza yako imekwisha kazi. Nguo ziko hotelini Guangzhou, mzigo uko kiwandani, risiti ziko chini ya godoro. Alirudi nyumbani akitokea Hong Kong, na ilibidi amwombe mwenzake akague na kupakia mzigo ambao yeye ndiye aliyeujua. Macau nayo ni hivyo hivyo. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, usivuke.

Jambo la pili la karatasi. Ndani ya saa 24 baada ya kufika, mgeni lazima aandikishwe polisi mahali anapolala. Ukilala hotelini, hoteli inakufanyia yenyewe pale mapokezi. Lakini wengi wetu tunapenda kubana matumizi, tunalala kwa ndugu. Hakuna ubaya, ila nenda na huyo mwenyeji wako kituo cha polisi cha mtaa, siku hiyo hiyo. Usipoandikishwa, faini inaweza kufika yuan 2,000. Ukizidisha siku za viza, unaweza kutozwa yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10,000, au ukawekwa mahabusu. Na pasipoti yenyewe utembee nayo. Sheria yao inamtaka kila mgeni mwenye miaka 16 na zaidi awe nayo, na polisi wanaomba kuiona, hasa mitaa ya Xiaobei ambako Waafrika tuko wengi. Ikichukuliwa mapokezi kunakiliwa, simama hapo hapo mpaka irudi. Wakala wa kusafirisha mzigo akikwambia umwekee pasipoti kama dhamana, huyo si wakala wako tena. Nakala moja acha kwa mtu nyumbani, na picha yake iwe kwenye simu.

Kwenye simu na pesa nitapita haraka, kwa sababu vijana mliomo humu mtawafundisha wazazi wenu. Kwenye intaneti ya kule Google haifunguki. WhatsApp haifunguki. Facebook, Instagram, YouTube, hazifunguki. Watoto wa mama mmoja wa Tandika walikesha na simu, mama ameruka jana, leo kimya, kesho kimya, wakaanza kuulizia mahospitali. Mama yuko salama hotelini anahangaika na WhatsApp isiyofungua. Pakueni WeChat, programu yao ya ujumbe, mkiwa hapa, mjisajili mkiwa hapa, na mtu mmoja nyumbani naye awe nayo. Pakueni pia programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti, na Kichina chake mkishushe kabisa kwenye simu.

Malipo ya kule ni kwa simu. Hata muuza viazi vitamu barabarani ameweka msimbo wake wa QR. Tangu mwaka 2023 WeChat na Alipay, programu zao za malipo, zote zinakubali kadi za Visa na Mastercard za wageni, kwa hiyo unganisha kadi yako ukiwa nyumbani, na uende benki uwaombe waifungue kwa matumizi ya nje ya nchi. Usisubiri kujaribu mbele ya dereva wa teksi usiku wa manane. Pesa taslimu bado inapokelewa; noti yao kubwa kabisa ni ya yuan 100. Badilisheni benki, msibadilishe kwa mtu wa barabarani. Na chukueni kadi ya hoteli iliyoandikwa kwa Kichina, ikae mfukoni, kwa sababu dereva hataelewa matamshi yetu.

Saa zao ziko tano mbele. Sisi tukiwa saa tatu asubuhi, wao ni saa nane mchana. Mkeo akikupigia saa tano usiku kukuuliza bei ya vigae, kule ni saa kumi alfajiri.

Chakula kipo, msibebe sufuria. Kina mama wa Kiislamu, tafuteni migahawa ya tambi za Lanzhou. Mingi ni ya Waislamu wa kule, na juu ya mlango mtaona maandishi ya Kiarabu. Mjini kuna Msikiti wa Huaisheng wenye mnara wa zamani sana. Wakatoliki wana Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu, na Jumapili mtakutana na Waafrika wengi hapo. Nendeni. Mtu mliyekutana naye kwenye ibada ndiye atakayekutajia wakala mwaminifu.

Sasa nafika kwenye kilichotukusanya. Mzigo.

Kwanza mjue mnakwenda wapi, maana Guangzhou si soko moja. Mabegi ni Sanyuanli. Vitambaa ni Zhongda. Samani ni Lecong, kule Foshan, na vigae pia ni Foshan. Vitu vidogo vidogo vya majumbani, mapambo, vifaa vya shule, ni Yiwu, na hiyo ni mkoa mwingine, Zhejiang, safari ya treni ya kasi ya saa kadhaa. Halafu kuna maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ni mashine na vifaa vya umeme, ya pili ni vitu vya nyumbani na vya ujenzi, ya tatu ni nguo, viatu, vitambaa na vya watoto. Sasa wewe unauza viatu, umekata tiketi ya kufika tarehe 15 Oktoba na kurudi tarehe 20. Utaona nini? Utaona majenereta. Someni awamu kabla ya kukata tiketi. Na mjue kwamba siku za maonyesho bei za hoteli zinapanda sana.

Kwenye maonyesho unakutana na viwanda, na kiwanda kina kiwango cha chini cha oda. Ukiwa na mtaji mdogo, masoko ya jumla ya mjini ndiyo yako. Safari ya kwanza, nawasihi, msinunue kontena zima. Nunueni kidogo cha kuchangia kontena na wenzenu, na muda uliobaki tembeeni, ulizeni, andikeni bei. Najua mtaniambia nauli ni kubwa, lazima irudi. Nauli itarudi safari ya pili. Kontena la mzigo mbovu halirudi.

Kuna mama mmoja wa Mtaa wa Msimbazi ambaye namheshimu sana kwa namna anavyonunua. Akikubaliana bei ya pochi, anachukua sampuli mbili. Moja anaiacha dukani, moja anaondoka nayo, na zote mbili zinasainiwa kwa ndani kwa kalamu isiyofutika, yeye na mwenye duka. Kwenye karatasi ya oda anataka yaandikwe yote: rangi, unene wa ngozi, aina ya zipu, idadi kwa katoni, siku ya kumaliza. Siku ya kukagua anakuja na sampuli yake. Wale vijana wa ghalani wanamfungulia katoni ya juu, ya mbele kabisa. Anawaambia asante, hiyo nimeiona. Anapanda, anaonyesha katoni ya katikati kabisa, ile ambayo ili uifikie lazima ushushe nyingine kumi. Wananung'unika. Anawasubiri. Siku moja katikati mle zilikutwa pochi zenye zipu nyingine, nyepesi, za kukatika wiki ya kwanza. Hakupiga kelele. Aliweka sampuli mbili juu ya meza, akaonyesha saini, na salio lilikuwa bado mkononi mwake. Walibadilisha.

Mmesikia mwisho wake? Salio lilikuwa bado mkononi mwake. Desturi ni advansi ya asilimia 30 wakati wa oda, na asilimia 70 baada ya kukagua, kabla ya kupakia. Ukilipa yote mapema, siku ya kukagua utaongea na nani? Na pesa iende kwenye akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye mhuri mwekundu wa mkataba. Ukitumiwa ujumbe kwamba akaunti imebadilika, lipa kwenye hii ya mtu binafsi, simama hapo hapo, nenda dukani kwa miguu ukaulize uso kwa uso. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami sijaona sokoni kule jambo la kulipinga neno hilo.

Mkalimani mlipe wewe. Ukiletewa mkalimani na duka, basi ni mkalimani wa duka, na kamisheni yake imo ndani ya bei yako. Kuna wanafunzi wetu wanaosoma kule na Kichina chao ni kizuri; elewaneni malipo ya siku kabla ya kutoka hotelini. Mkifika dukani, bei itajwe kwenye kikokotoo, muione kwa macho.

Kina baba wa vifaa vya umeme: umeme wao ni volti 220, karibu na wetu, lakini plagi zao si zetu. Waandikieni kwenye oda, plagi ya pini tatu bapa za kwetu. Nimeona pasi zinauzwa Kariakoo kwa bei ya hasara kwa sababu ya kitu hicho tu.

Mzigo wa kuchangia unalipiwa kwa CBM, yaani urefu mara upana mara kimo kwa mita. Nunua futi ya kupimia ya bei ndogo, pima katoni zako mwenyewe, andika, ndipo usikie hesabu ya wakala. Kabla hujalipa advansi, ulizeni Shirika la Viwango, TBS, hapa nyumbani bidhaa hiyo inataka cheti gani, na ulizeni Mamlaka ya Mapato, TRA, ushuru wake. Swali hilo ulizeni kabla meli haijang'oa nanga. Na bidhaa za nembo za kughushi, hata zikiwa nzuri vipi, hata bei ikiwa tamu vipi, ziacheni hapo hapo. Tume ya Ushindani, FCC, inazikamata.

Na tarehe. Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na tarehe 20 Februari, na viwanda vinafungwa wiki nzima, vingine hata mwezi, kwa sababu wafanyakazi wanarudi kwao mikoani. Oda ya Januari unaweza kuipata Machi. Tarehe 1 Oktoba nako wana mapumziko ya wiki moja ya sikukuu ya taifa.

La mwisho ni ninyi wenyewe. Mgeni ni kuku mweupe. Watu watakutazama, wengine watataka kupiga picha na wewe, pengine mtoto atakugusa nywele. Wengi hawana nia mbaya; ukitaka kataa kwa upole na uendelee na safari yako. Sokoni mtatembea kutwa nzima, kwa hiyo acheni viatu vya kupendezea, vaeni vinavyotembea. Kina dada, usiku tembeeni wawili. Tengeni pesa ya dharura, ikae mbali na pesa ya mzigo, na msiiguse hata duka likipunguza bei namna gani. Andikeni namba hizi kwenye karatasi, maana simu huisha chaji: polisi 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Chini yake andikeni namba ya ubalozi wetu Beijing, na ya mtu mmoja wa hapa nyumbani ambaye atapokea simu saa yoyote.

Nimemaliza yangu. Mnaosafiri mwezi wa kumi bakini na pasipoti zenu mezani, tutapita moja moja tusome viza, siku za kukaa na idadi ya kuingia. Wengine tuanze maswali. Mama pale nyuma, mwenye mtandio wa kijani, wewe ulianza kuinua mkono tangu kwenye katoni. Karibu.